Uzamivu wa sayansi ya usikivu na usemi: mwongozo kwa aliyeko Mbeya, Iringa, Njombe na jirani

Kila Novemba, mvua za kwanza zikishatua huku Rungwe, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa namna moja. Mwalimu wa elimu maalumu kutoka Makete anauliza kama na yeye anaruhusiwa kuomba. Muuguzi wa Mafinga anauliza kama ni lazima awe daktari. Kijana aliyemaliza isimu anauliza ada ni shilingi ngapi na kama chuo kipo Tanzania. Nawajibu wote, lakini kwa vipandevipande, usiku, na mara nyingi nagundua kesho yake kwamba nimesahau jambo la maana. Kwa hiyo nimeandika yote mahali pamoja.

Nilifundisha kitengo cha wanafunzi viziwi kwa miaka sita kabla ya kuingia kwenye uzamivu. Sasa natafiti upimaji wa usikivu kwa watoto wanaozungumza Kiswahili. Sikuwa na GPA ya kutisha wala ndugu ughaibuni. Nilikuwa na swali lililokataa kuniacha nilale, na nilimpata mtu aliyelitaka swali hilo kama mimi. Soma hatua zote ukikumbuka mambo hayo mawili, swali na msimamizi, kwa sababu wengi huanza na jina la chuo au tangazo la ufadhili, na hapo ndipo wanapopotea.

Tuelewane kwanza

Kuna shahada mbili ambazo watu huzichanganya. PhD, yaani uzamivu, ni ya utafiti. AuD, inayotolewa Marekani, ni ya kliniki: inakuandaa kupima wagonjwa usikivu na kuwapa shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), huchukua takribani miaka minne baada ya shahada ya kwanza, na wengi hujilipia wenyewe. PhD kwa wengi Marekani hulipiwa na chuo. Lakini PhD peke yake haikupi ruhusa ya kumtibu mtu. Ukiingia bila mafunzo ya kliniki, utatoka mtafiti na mwalimu wa chuo, hutatoka tabibu wa usemi.

Kwa hiyo jiulize mapema. Kama furaha yako ni kukaa na mtoto mmoja mwenye kigugumizi mpaka aweze kusema jina lake mbele ya darasa, tafuta kwanza shahada ya kliniki. Siku hizi Muhimbili wana shahada ya kwanza ya odiolojia na patholojia ya usemi (yaani upimaji wa usikivu na tiba ya usemi), jambo ambalo wakati wangu halikuwepo. Kama kinachokusumbua ni kwa nini kipimo fulani kinawakosea watoto wetu, au kwa nini mgonjwa wa kiharusi hupoteza Kiswahili akabaki na Kinyakyusa, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Transkripti na vyeti vya kila ngazi. Viskani stesheneri kwa rangi, kila kimoja faili lake la PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haitoshi.
- Majina yanayofanana kila mahali: cheti cha kuzaliwa, NIDA, vyeti vya NECTA, vya chuo, pasipoti. Kama cheti kimoja kinasema Mwakalinga na kingine kimeruka herufi, nenda kwa wakili ukaweke hati ya kiapo sasa, usingoje mpaka uwe na barua ya chuo mkononi.
- Pasipoti. Ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Iombe hata kama hujui utakwenda wapi.
- Kompyuta ya kwako, hata iliyotumika, na barua pepe yenye jina lako halisi.
- Akiba. Mtihani wa Kiingereza pekee unaweza kula laki kadhaa, na vyuo vingi vya Marekani hutoza kati ya dola 50 na 100 kwa kila ombi. Wengi wetu tunatumia miezi ya baada ya mavuno kujiandaa kwa hili.
- Muda. Hesabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kutoka leo mpaka siku ya kupanda ndege. Anayekuambia miezi mitatu anataka hela yako.

Hatua ya 1: Pata swali, na ulipate hapa nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utajiri wetu.

Swali langu lilitoka kwenye paa. Nilikuwa darasani karibu na Tukuyu, chumba cha bati bila dari, nikisaidia upimaji wa watoto. Binti wa miaka saba alikuwa amevaa hedifoni. Mchezo ni rahisi: ukisikia mlio, dondosha punje ya maharage kwenye kopo. Alikuwa anakwenda vizuri, punje baada ya punje, tii, tii, tii. Mvua ikaanza. Kwanza matone machache, kisha bati lote likanguruma, na mkono wa yule mtoto ukabaki hewani umeshika punje. Macho yake yakanitazama. Kwenye karatasi angeandikwa ana upungufu wa usikivu, kumbe masikio yake ni mazima na kilichopimwa ni paa. Tukasubiri, mvua ikakata baada ya saa nzima, na kopo likaanza kulia tena.

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Madarasa ya bati bila dari yamejaa. Chumba maalumu kisichoingiza sauti ni kitu cha kusikia kwenye vitabu. Je, mtoto huyu apimwe namna gani ili matokeo yaaminike? Hilo ni swali la uzamivu, na profesa wa ng'ambo hawezi kulipata akiwa ofisini kwake.

Mfano mwingine. Kuna kipimo ambacho mtu husikilizishwa tarakimu tatu ndani ya kelele kisha anazitaja. Shirika la Afya Duniani lilitoa programu ya simu ya hearWHO mwaka 2019 inayotumia njia hiyo. Sasa hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zote zina silabi mbili, hata nne, kwa sababu n yake inasimama peke yake kama silabi: n-ne. Sifuri tu ndiyo yenye tatu. Kwa mtengeneza vipimo, usawa wa namna hii ni neema. Kwa upande wa pili, orodha za maneno ya silabi moja zinazotumiwa kwenye vipimo vya Kiingereza hazihamishiki kwetu, maana maneno ya silabi moja kwenye Kiswahili ni machache mno. Anayetafsiri orodha ya Kiingereza anapata kipimo kingine kabisa bila kujua.

Na bado sijagusa lugha zetu za nyumbani. Kihehe na Kibena hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina toni, na Kinyakyusa nacho hakina. Mtoto wa Kilolo mwenye usikivu hafifu anapoteza nini kwenye toni ambacho mwenzake wa Kyela hapotezi? Wagonjwa wa kiharusi wenye lugha mbili, watoto waliofanyiwa upasuaji wa mdomo sungura wakabaki na sauti ya puani, alama za nyumbani ambazo mtoto kiziwi huja nazo shuleni kabla hajafundishwa Lugha ya Alama ya Tanzania: kila kimoja kinaweza kubeba miaka minne ya kazi.

Andika swali lako kwa sentensi mbili. Msomee mtu asiye wa fani, shangazi yako akitosha. Kama hakuelewa unachotaka kujua, bado halijaiva.

*Kosa la kawaida:* kuandika mada pana kama "matatizo ya usikivu Tanzania". Hiyo ni wizara, si utafiti.

Hatua ya 2: Kaa mahali kazi inapofanyika

Omba kujitolea. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma za masikio, pua na koo. Iringa mjini kuna Neema Crafts, ambako tangu 2003 watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi wengi, wamekuwa wakifanya kazi. Ukiagiza chakula kwenye mgahawa wao utajifunza alama zako za kwanza bila kutaka. Njombe kuna shule ya viziwi. Ulizia pia tawi la CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, la mkoa wako.

Peleka barua ya kuomba, nenda kwa adabu, na fanya utakachopewa hata kama ni kupanga mafaili. Miezi sita ya siku moja kwa wiki inatosha kubadilisha namna unavyoandika maombi. Usirekodi mtu yeyote wala kupiga picha karatasi za wagonjwa. Uko pale kujifunza. Ruhusa ya kukusanya data ni jambo jingine na nitalifikia.

Huku nyuma, jifunze zana za bure. Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hupima sauti: jirekodi ukisema "baba" na "papa" uone tofauti kwenye picha ya mawimbi. ELAN, ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, ni ya kuweka maelezo kwenye video, na watafiti wa lugha za alama huitegemea. R ni ya takwimu. Zote zinaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida, na zikishapakuliwa hazili bando.

Hatua ya 3: Tafuta msimamizi

Kwenye fani hii unapokewa na mtu kabla ya kupokewa na chuo. Idara inaweza kukupenda, lakini kama hakuna profesa anayefanya jambo lako, utakataliwa.

Sehemu za kuanzia kutazama:

Afrika Kusini ndiyo jirani yetu mwenye vyuo vingi vya fani hii: Pretoria, Cape Town, Witwatersrand, Stellenbosch, KwaZulu-Natal. Pretoria wamefanya kazi kubwa ya kupima usikivu kwa simu ya mkononi, ambayo kwa mazingira yetu ina maana kuliko mitambo ya mamilioni. Uingereza kuna Manchester, ambako wana kituo cha odiolojia na uziwi, na London kuna Taasisi ya Sikio ya University College London pamoja na kituo chao cha utafiti wa uziwi, utambuzi na lugha. Marekani zipo nyingi. University of Maryland na Vanderbilt zina idara zinazoitwa hasa sayansi za usikivu na usemi.

Fungua ukurasa wa kila mhadhiri. Soma makala mbili za karibuni za yule anayekuvutia, soma kweli, mpaka mwisho. Kama makala zinadai hela, uliza maktaba ya chuo chako cha zamani kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ya afya kwa taasisi za nchi kama yetu. Kisha andika barua pepe fupi. Yangu, kwa Kiswahili, ilikuwa karibu hivi:

"Profesa, nimesoma makala yenu kuhusu kipimo cha tarakimu katika kelele. Kwenye Kiswahili tarakimu zote kutoka moja hadi tisa zina silabi mbili. Nimefundisha watoto viziwi kusini mwa Tanzania kwa miaka sita, na ninataka kujua kama kipimo hicho kinaweza kuaminika kwenye darasa la bati wakati wa masika. Je, mnatarajia kupokea mwanafunzi wa uzamivu mwakani? CV yangu ya kurasa mbili nimeiambatanisha."

Basi. Hakuna historia ya kijiji, hakuna maombi ya ufadhili kwenye barua ya kwanza, hakuna kumwita "mzazi wangu". Heshima ya huko iko kwenye kusoma kazi yake na kutompotezea muda. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole. Asipojibu tena, endelea na mwingine.

*Kosa la kawaida:* barua moja kwa maprofesa arobaini. Wanafahamiana hawa, na barua ya jumla hujulikana kwenye mstari wa kwanza.

Hatua ya 4: Angalia kama unahitaji uzamili kwanza

Marekani wapo wanaopokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye PhD. Utasoma kozi, utafanya mtihani mkubwa wa kuvuka, ndipo uandike tasnifu. Kwa kawaida miaka minne hadi mitano au zaidi. Uingereza na Afrika Kusini mara nyingi hutaka uzamili, na unaingia moja kwa moja kwenye utafiti na andiko ulilolileta mwenyewe, bila kozi nyingi. Afrika Kusini pia huenda wakakudai cheti cha SAQA cha kutambua vyeti vyako.

Si lazima shahada zako ziwe za fani hii. Isimu, saikolojia, elimu maalumu, uuguzi, fizikia, uhandisi wa umeme: wote nimekutana nao. Utakachodaiwa ni kueleza daraja lililopo kati ya ulikotoka na unakokwenda.

GPA yetu ni ya 5, yao ya Marekani ni ya 4. Usiigeuze mwenyewe kwa kuzidisha na kugawanya. Andika kama ilivyo, taja kwamba ni kati ya 5, na wakitaka tathmini ya wakala kama WES watakuambia.

Hatua ya 5: Fedha

Kwenye PhD ya Marekani tafuta maneno mawili kwenye tangazo: kusamehewa ada na posho ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji. Ukipewa vyote, unaishi, kwa kubana. Ukipewa udahili bila fedha, usikubali kwa matumaini kwamba "Mungu atafungua njia". Nimeona ndugu wakiuza shamba la parachichi kwa ajili ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakakwama.

Ufadhili wa nje: Fulbright hupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Commonwealth ina ufadhili wa uzamivu Uingereza kwa nchi kama yetu. Chevening ni ya uzamili wa mwaka mmoja tu. Kila mwaka mtu huniambia anaiombea PhD, na anapoteza miezi.

Kama ni mtumishi wa umma, zungumza na mwajiri mapema kuhusu ruhusa ya kwenda masomoni. Ipate kwa maandishi. Kuondoka kimyakimya ukidhani utaeleza ukirudi kumewagharimu watu ajira.

*Onyo:* wakala anayekuomba laki tano akuhakikishie nafasi ya PhD ni mwizi. Nafasi hizi haziuzwi, na kila fomu unaweza kuijaza mwenyewe.

Hatua ya 6: Mtihani wa Kiingereza

IELTS na TOEFL matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema kupita kiasi. Kabla ya kulipa, iandikie ofisi ya udahili uulize kama barua kutoka chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha. Baadhi hukubali, na unaokoa nauli ya Dar, malazi na ada. GRE, mtihani wa jumla wa kuingia shahada za juu Marekani, vyuo vingi vya fani hii wameiacha. Angalia programu yako.

Sehemu inayotuangusha wengi ni kusikiliza. Zoea sauti za Kiingereza kwa hedifoni, dakika ishirini kila siku, miezi mitatu.

Hatua ya 7: Nyaraka za maombi

Andiko la kujieleza lisizidi urefu waliosema. Usianze na takwimu kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma za usikivu. Ni kweli, iko kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021, na kila mwombaji anaianza hivyo. Anza na punje yako ya maharage. Kisha swali, kisha ulichokwisha kufanya kulifuatilia, kisha kwa nini profesa fulani na maabara fulani. Takwimu itapata nafasi yake katikati.

Wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua za kukupendekeza, ni watatu kwa kawaida. Chagua wanaokujua kwa kazi, si wenye vyeo. Mhadhiri aliyekusimamia kuandika tasnifu ya shahada ya kwanza anafaa kuliko mkurugenzi aliyekuona mara moja kwenye semina. Hapa niliumia. Mdhamini wangu wa tatu alikubali kwa moyo, nikatulia. Siku ya mwisho ilipofika barua haikuwepo: alisafiri kwenye msiba kijijini, mtandao hakuna, na kiungo cha kupakia barua kilikuwa kwenye kisanduku cha barua pepe ambacho hakukifungua kwa wiki tatu. Ombi langu halikusomwa kabisa. Mwaka mzima ukaenda.

Tangu hapo nafanya hivi, na nakuomba ufanye: waombe wadhamini wanne ili mmoja akikwama uwe na wa akiba, wape wiki sita, wapelekee CV, andiko lako na tarehe kwenye karatasi moja, wapigie simu wiki mbili kabla, na siku tatu kabla uende ofisini kwa miguu yako. Mwalimu wako hatachukia ukimwamkia vizuri na kumweleza.

Hatua ya 8: Kutuma

Vyuo vingi vya Marekani hufunga Desemba au mwanzoni mwa Januari kwa wanaoanza Agosti. Saa ya mwisho ikiwa dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa za pwani yao ya mashariki, kwetu ni karibu saa mbili asubuhi ya kesho yake. Usiitegemee. Umeme wa Desemba unaujua. Tuma siku tano kabla, kisha ingia tena uhakikishe kila nyaraka ina alama ya kupokewa.

Hatua ya 9: Usaili wa mtandaoni

Angalizo la saa. Wakisema saa 10 asubuhi, wanamaanisha saa nne ya kwetu, halafu uongeze saa nane za tofauti wakati wa baridi yao. Saa 10 asubuhi ya Maryland mwezi Januari ni saa kumi na mbili jioni Mbeya. Andika kwa saa zote mbili kwenye karatasi ubandike ukutani.

Tafuta chumba chenye dari. Wataalamu wa usikivu wakisikia kelele nyuma yako hawatakulaumu, lakini hawatakuelewa. Mimi niliomba chumba cha mikutano cha parokia, nikatandika khanga mezani kupunguza mwangwi, na kuweka simu ya pili yenye bando la mtandao mwingine tayari.

Watakuuliza unataka kujua nini, utakijua kwa njia gani, na utafanya nini matokeo yakikupinga. Swali la mwisho ndilo wanalolisikiliza zaidi. Wewe nawe uliza: wanafunzi wako humaliza kwa miaka mingapi? Naweza kukusanya data Tanzania? Fedha ni za miaka mingapi?

Hatua ya 10: Ukishapata barua

Marekani vyuo vingi vinafuata tarehe 15 Aprili kama siku ya kujibu kuhusu ufadhili. Usikubali wa kwanza kwa hofu siku hiyohiyo. Ukikubali, chuo kinakutumia fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi, unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje) ya dola 350, unajaza fomu ya viza na kupanga usaili ubalozini Dar es Salaam. Masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, hivyo soma tangazo la ubalozi kabla ya kulipa chochote. Kwa sababu hiyo hiyo namshauri kila mtu aombe angalau nchi mbili.

Utakaporudi kukusanya data, utahitaji kibali cha maadili, kwa utafiti wa afya kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na kibali cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), juu ya kibali cha chuo chako. Kisha barua za mkoa, wilaya, kata, na shule. Tenga miezi sita kwa vibali tu. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha mzazi wa kawaida, na kwa washiriki viziwi iwepo kwa Lugha ya Alama kwenye video. Karatasi haitoshi kwa mtu ambaye Kiswahili cha maandishi ni lugha yake ya pili.

Na kabla ya kuondoka, hakikisha chuo hicho kinatambulika, maana ukirudi TCU ndio watakaotathmini shahada yako.

Ukikwama

*Maprofesa kumi hawajajibu.* Tazama barua yako, si wao. Mara nyingi mstari wa kwanza unakuhusu wewe badala ya kazi yao. Badilisha huo, kisha andikia wengine watano.

*GPA yangu ni 2.9.* Marekani na Uingereza itakuwa vigumu moja kwa moja. Fanya uzamili hapa nchini, upate alama nzuri, na tasnifu yake iwe juu ya usikivu au usemi hata kama shahada inaitwa isimu au elimu. Njia ndefu, lakini nimeona watatu wakiipita.

*Nimeambiwa nichapishe makala, na kuna jarida linataka dola 200 na kuchapisha kwa siku tano.* Achana nalo. Makala kwenye jarida la namna hiyo inakuharibia kuliko kutokuwa na makala.

*Nina usikivu hafifu mimi mwenyewe, au ni kiziwi.* Omba. Mweleze chuo mapema unahitaji nini, mkalimani au maandishi ya papo hapo. Fani hii imekaa muda mrefu ikizungumzwa na wanaosikia peke yao, na inakuhitaji.

*Nina watoto wadogo, siwezi kuondoka miaka mitano.* Tazama uzamivu wa hapa nchini, isimu Dar es Salaam au afya Muhimbili, ukiwa na msimamizi wa pili kutoka nje. Wapo maprofesa wa Afrika Kusini wanaokubali mpango huo, na unaweza kwenda kwao miezi mitatu mitatu. Dada mmoja wa Njombe anafanya hivyo sasa. Data yake anaikusanya kilomita nne kutoka nyumbani, na Jumamosi anarudi kwa miguu akiwa na kinasa sauti kwenye kikapu, chini ya mahindi.

*Nimekataliwa mara mbili.* Andika kwa kila msimamizi mliyewasiliana, uulize ni nini kilichopungua. Mmoja kati ya watatu hujibu. Mimi aliyenijibu alisema swali langu ni zuri ila sikuonyesha kwamba najua kupima kelele ya chumba. Nikaazima kipima sauti, nikapima madarasa kumi na mawili, mvua na bila mvua, nikamtumia jedwali la ukurasa mmoja. Akajibu siku hiyo hiyo.